Kizazi cha Restuta

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, hapa Ifakara, na asubuhi ile pumba zilikuwa zinatua mpaka kwenye vikombe vya kahawa. Polikarpo, mpakiaji wa magunia, hakuwa na raha. Mkewe Restuta alikuwa anatokwa na hedhi nyingi tangu masika, akisimama kizunguzungu, na daktari kawapa njia mbili: kuwekewa kitanzi chenye homoni, au kutolewa kizazi.

— Kitanzi kinapunguza damu taratibu, miezi kadhaa, akasema Polikarpo. Mkitaka mtoto, kinatolewa. Ukipasuliwa, damu inakoma kabisa, ila kuzaa ndiyo basi.

— Shemeji mwenyewe anasemaje? nikauliza.

— Anataka kitanzi. Mtoto tunaye mmoja tu.

Injinia, fundi baiskeli, akadakia:

— Kaka, homoni ndiyo wanayowapa kuku wa kizungu! Ataota ndevu huyo.

— Na kisu je? akasema Mheshimiwa, tuliyempa jina hilo alipoukosa uenyekiti wa mtaa. Ukitoa kizazi unaacha shimo. Upepo unaingia tumboni, mtu anavuma kama chupa.

— Kitanzi je? Injinia akarudi. Kinatembea. Kinapanda mpaka moyoni.

— Moyoni tu? akasema Mheshimiwa. Kinafika kwenye ubongo, anasahau jina lako!

Tukacheka. Polikarpo hakucheka.

— Ndiyo maana nimemwambia asubiri kwanza.

Bodaboda ikafunga breki mbele yetu. Akashuka Agnella, mdogo wake Restuta, kanga imelowa damu. Wala hakutuamkia.

— Shemeji, dada kaanguka bafuni. Damu haikatiki, wanampeleka chumba cha upasuaji.

Polikarpo akairukia ile pikipiki, ikaondoka. Agnella akabaki anatutazama.

— Hospitali damu ya kumwongezea haitoshi. Nani anakuja kutoa?

Mheshimiwa akakoroga kahawa isiyo na sukari. Injinia akainamia tairi. Mimi sindano naiogopa tangu utoto, lakini yule binti hakuniondolea macho. Nikasimama, tukaenda.

Nilitoa. Mchana nikamkuta Polikarpo wodini, kando ya kitanda, kofia mkononi. Restuta alizinduka, midomo imekauka. Akapeleka mkono tumboni, ukagusa bandeji.

— Baba Nelly, wamekitoa kizazi?

Polikarpo akageukia dirishani, mabega yakaanza kutikisika.