Kiti cha Rwehumbiza

Waliokuwepo asubuhi hiyo kwenye benchi la Kirumba, chini ya mawe, ni hawa: Ngosha wa Magu, aliyepima pamba ujana wake wote, akaitwa Mzani; Josephat, fundi redio, kwa jina la kijiweni Masafa; Hellen, mwenye birika la kahawa; na mzee Rugambwa, Mhaya wa Kamachumu, mstaafu wa posta. Nafasi ya tano ilikuwa ya Rwehumbiza, ambaye maradhi yalimrudisha kwao, huko huko Kamachumu. Mjukuu wake Jovina, msanii, alitega vihisio na taa kwenye benchi hili na kwenye kiti cha babu yake, akaviunganisha kwa mtandao. Babu akikaa kule, taa ya benchi huwaka huku. Akilemea zaidi, inang'aa zaidi. Wao wakikaa, ya kwake huwaka. Tangu Jumatatu taa ilikuwa imezima, na simu ya Rwehumbiza ilikuwa haipatikani. Leo, ukungu wa ziwa ukiwa umewafika miguuni, iliwaka yenyewe, kuliko siku zote, nzito kama asali, hata mvuke wa kahawa ukageuka dhahabu.

— Nilisema ni mtandao, Masafa alisema. Umerudi.

— Mtandao haunenepeshi mtu, Mzani akajibu. Jicho langu halikosei. Huyo ameongeza kilo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kwa siku hizi chache?

— Ndizi za kwao, Hellen. Na senene wa kukaanga.

— Sikilizeni, Masafa akasema. Nuru inavuka ziwa zima. Njiani inanyonya jua lote lililozama humo tangu enzi za babu zetu. Inafika imevimba.

— Mimi nauza kahawa, kaka. Hiyo chai yako ya uongo peleka kule Nyakato.

Begi la Rugambwa lilikuwa limefungwa nyumbani. Lile giza la taa lilimtisha, akapanga kupanda basi la kwao kwenye stendi ya Nyegezi siku hiyo hiyo. Sasa aliona anaweza kungoja, aende na zawadi, wacheke. Akasimama, akaketi, akasimama tena, akaketi. Ndiyo ilikuwa salamu yao, na Rwehumbiza hujibu vivyo hivyo, taa ikipepesa mara mbili.

Safari hii taa haikupepesa.

— Hajibu, alisema.

— Ameshiba, mzee wangu, Mzani akasema. Mtu mzima akishiba hasimamisimami.

Rugambwa akatabasamu. Alitaka sana iwe hivyo.

Ndipo akafika Selina, mdogo wake Hellen, mgeni kutoka Magu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alielezwa habari ya taa, akaitazama, akauliza:

— Hicho kiti, kule kwao, hakuna mwingine anayekikalia?

Mzani alimtazama Masafa. Masafa alitazama kikombe chake. Kisha wote wakamgeukia Rugambwa, kwa kuwa ndiye wa huko.

Kwao, kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi na mwingine, mwenyewe angali hai. Hukalishwa mrithi, matanga yakiisha. Rugambwa alilijua hilo tangu utoto wake. Nuru ilitulia juu ya mikono yake.

Rwehumbiza alikufa Jumatatu, alfajiri.