Nilimwita Mwosha, Mwanangu Yu Hai

Mabibi zangu, khitma imekwisha na kahawa ingali moto, nistahimilini kidogo. Msionijua, mimi ni mama wa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja nusura nimuue kwa mikono yangu.

Alipokuwa na miaka mitano alianza kuamka uso umejaa. Nami nikaona amenona! Wanawake wa mtaa wetu wa Langoni wakamsifu, na kichwa changu, ndugu zangu, kikavimba kuliko uso wake. Kisha nikaingiwa na hofu ya jicho la husuda. Nikamfungia ndani, nikamlisha samli na papa mkavu wa chumvi ili unono usipotee. Mkojo ukapungua, ukawa na povu. Sikumwambia mtu.

Yakaja matubwitubwi, na mlango wangu haukuyazuia. Watoto wa mtaa wakavimba mashavu, wakapona. Wangu akashikwa na tumbo, juu ya kitovu, maumivu yakatokea mgongoni. Kila nikimpa samli apate nguvu, alitapika na kupiga ukelele. Macho yakazibika kwa uvimbe. Mwalimu wa chuoni akamsomea Kurani, nikamnywesha kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikafukiza ubani. Wallahi, siku ya nne nilimwomba Mungu amchukue. Mnanitazama? Nawaambia, nilimwomba.

Nikatuma aitwe mwosha maiti, mwanangu yu hai.

Bi huyo akaja, akaketi, akaubonyeza muundi wa mtoto kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Umemlisha n'ni?"

Nikamwambia yote.

"Huku si kunona, mwanangu. Haya ni mai yamemjaa mwilini, hayana pa kutokea. Nimeosha wangapi wa namna hii, na mama zao waliwaficha kama wewe."

Akaufungua mlango. Akakataza chumvi, akakataza samli. Siku mbili tukampa maji kwa kijiko, tone kwa tone, kisha uji mtupu wa mchele. Siku ya tatu tumbo lilinyamaza. Baada ya majuma kadhaa akakojoa hata mkeka ukarowa, nami nikalia kwa furaha.

Ahsante bi yule. Yuko hapa, hataki nimtaje. Ahsanteni majirani mliopokezana kumkalia, ingawa niliwafungia mlango. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikiita mwenyewe.

Jana mtu alimwona mwanangu akikimbia uchochoroni, akaniambia, "Mwanao mekonda, maskini."

Nikamwambia, "Alhamdulillahi. Mtazame vyema, hata mbavu zahesabika."