Dakika Tatu za Nyanya wa Naitiri

Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, benchi iliyo mbele ya duka la vyuma la Avtar hujaa. Duka lenyewe huwa limefungwa, lakini Avtar hutoka na kiti chake cha kukunja, na akishakalia hicho kiti haitwi Avtar tena, anaitwa Spana. Wepukhulu, fundi wa televisheni, ni Antena. Kipketer, aliyestaafu kutoka idara ya misitu, ni Gavana, kwa vile huahidi sana. Mama Nabwile huwapikia kahawa ya tangawizi kwa jiko dogo, naye hana jina la utani kwa sababu hakuna anayethubutu. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mapema kutoka Mlima Elgon, ukailainisha Kitale yote, hata pikipiki zilisikika kama zinapita ndani ya pamba. Ndipo Levi akatokea, kompyuta kwapani, uso umemshuka. Yeye walimwita Mkasi, kwa kuwa kazi yake ni kufundisha wanafunzi wa filamu na televisheni, kule chuo kikuu Bungoma, jinsi ya kukata na kuunga picha.

— Mkasi, sasa! Mbona unakaa kama mtu amenyeshewa?

— Niko na shida ya mwanafunzi, Antena.

Mama Nabwile akampa kikombe bila kuulizwa. Levi akanywa, akaeleza.

Alikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Dinah, mkono mwepesi kuliko wote darasani. Angeweza kuunganisha mlango unaofungwa Ndalu na mlango unaofunguka Mabanga, ukaapa ni nyumba moja. Sasa Dinah ameleta filamu ya kumaliza masomo, ya dakika kumi, kuhusu nyanya yake huko Naitiri. Kazi safi. Ila katikati kuna kipande kimoja, nyanya ameketi tu. Dakika tatu na sekunde arobaini, hakuna mkato hata mmoja.

— Nikamwambia akate. Akakataa. Nikamwambia tena, mbele ya darasa, kwamba huo ni uvivu. Watu wakacheka. Akafunga kompyuta yake akatoka. Wiki mbili sasa hajarudi. Na kesho lazima nipeleke alama.

— Usipompatia alama?

— Anarudia mwaka.

Gavana akapiga mluzi. Levi hakuwaambia kwamba kile kicheko cha darasa kilikuwa kinamfuata mpaka kitandani. Kazini alijulikana kwa upole.

— Tuonyeshe hiyo kitu, Spana akasema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Itaingia. Fungua.

Levi akaiweka kompyuta juu ya kreti la soda. Wakainama wote, vikombe mkononi.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anapukuchua mahindi. Punje zilikuwa zikianguka kwenye ungo kwa mlio mdogo kama mvua inayoanza. Halafu akaacha. Akainua kichwa, akatazama kando kidogo ya kamera. Akatazama tu. Kuku akapita. Kivuli cha wingu kikaingia uani polepole, kikampanda magoti, kikamfunika, kikaondoka. Nyanya bado anatazama. Mwisho, uso wake ukafunguka taratibu, akasogea, akapapasa mkeka kando yake kwa kiganja. Kisha akarudia mahindi.

Antena ndiye aliyeanza.

— Kamera ilikwama, bana. Mimi nimerekebisha hizo vitu miaka ishirini.

— Imekwama aje na kuku anatembea?

— Kuku hakukwama. Nyanya ndiye alikwama.

— Wacha hizo, Gavana akasema. Huyo mama anasikiza. Kuna miti kando ya hiyo boma, si mmeona? Mimi nimeishi na miti. Ukikaa kimya kama hivyo, unasikia maji ikipanda ndani ya shina. Wazee wengi wanasikia, ni vile tu hamuwaulizi.

— Na ule mkeka? Anapapasia mti uje ukae?

Gavana akafikiri.

— Si mti. Ni mzee wake. Marehemu. Amekuja kwa njia, amemwona, amemwambia kaa hapa. Nyinyi cheka tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa guu ya nani imevunjika hapo?

— Yako, ukiendelea kuniingilia.

Walicheka, lakini kidogo. Ukungu ulikuwa umefika kwenye nguzo ya stima ng'ambo ya barabara, ukaimeza nusu. Levi akajikuta anautazama. Alikuwa amekiona kile kipande mara kumi na tano ofisini, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kukata, na kila mara aliona kosa. Hapa, katikati ya wazee hawa na harufu ya tangawizi, alianza kuona uso.

Spana akavuta kiti chake karibu.

— Baba yangu alikuwa anaonyesha sinema hapa mjini, zamani. Ile ya ukanda. Ukanda ukikatika, anatoa kile kipande kibaya na wembe, anaunga na gundi. Hivyo vipande hakutupa. Aliweka kwa mkebe wa biskuti. Mimi mtoto, naviinua kwa dirisha. Huyu mtu anafungua mdomo, hajasema. Huyu mama anageuka, hajafika. Nikamuuliza mama yangu Bimla, hawa watu wataenda wapi? Akaniambia, wako na mji wao. Kila kitu kimekatwa kinakaa huko kinangoja kumalizia.

— Mji wa wapi? Antena akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa chini.

— Hakusema. Mimi nilidhani ni huku nyuma, upande wa mlima. Siku kama ya leo nilikuwa nafikiri ndiyo hao wanashuka.

Wote wakageuka kutazama upande wa mlima, hata Mama Nabwile, kijiko kikiwa hewani.

— Basi ukimkata huyo nyanya, Gavana akanong'ona, atakaa huko anapapasa mkeka milele.

— Na mkono mmoja haulei mwana, Antena akaongeza kwa uchungu. Safari hii hakuna aliyeuliza inaingia wapi.

Ndipo waliposikia mtu akikohoa. Nyuma yao alikuwa amesimama Mary Ann, mwalimu mpya wa chekechea, aliyehamia mtaa huo mwezi uliopita. Alikuwa amekuja kununua kahawa ya Mama Nabwile, akawasikia tangu mwanzo, akakiona kile kipande chote juu ya mabega yao.

— Samahani wazee wangu. Na huyo msichana mwenyewe, alisema ni kwa nini hataki kukata?

Antena akamtazama Gavana. Gavana akamtazama Spana. Wote watatu wakamtazama Levi.

Levi akatafuta kichwani, siku baada ya siku, mpaka ile ya darasa. Alikumbuka yote aliyomwambia Dinah. Kata. Inachosha. Mtazamaji atakukimbia. Ni uvivu. Hakukumbuka mahali alipomuuliza.

— Ngojeni, akasema.

Akavuka barabara, akasimama chini ya paa la kinyozi, akapiga simu. Iliita sana kabla ya kupokelewa.

— Mwalimu.

— Dinah. Sijakupigia mambo ya alama. Nataka kukuuliza kitu ambacho nilipaswa kukuuliza kwanza. Kile kipande cha nyanya. Ni kwa nini?

Kwa upande wa pili mbuzi alilia, mlango ukafungwa. Dinah akaongea polepole.

— Ni mimi alikuwa anaangalia, mwalimu. Niliacha kamera kwa stendi, nikakuja nikasimama pale kando. Kukhu, huyo nyanya yangu, anasahau siku hizi. Ndiye alinilea, lakini nikitoka kidogo tu nikirudi hanijui. Huwa namngoja. Siku hiyo alikaa hivyo mpaka akanijua. Pale anapapasa mkeka, ndio hapo alinijua.

Levi akaegemea ukuta.

— Ungetuambia, mama.

— Niseme mbele ya watu kukhu amekuwa hivyo? Halafu wacheke? Na ukikata katikati, mwalimu, itakuwa ni kama alinijua mara moja. Na si kweli. Ilimchukua hizo dakika zote kunitafuta. Hakuacha.

Levi alifuta uso kwa kiganja, akashukuru kwamba ukungu ulikuwa umewafunika wale wa ng'ambo wasimwone.

— Usikate kitu, akasema. Na unisamehe. Nilikuaibisha mbele ya darasa, kwa hivyo nitakuomba msamaha mbele ya darasa. Kesho saa mbili. Utaonyesha filamu yako yote. Ukitaka kuwaeleza, utawaeleza. Usipotaka, hakuna atakayekuuliza. Utakuja?

— Nitakuja. Lakini naweza kuchelewa. Asubuhi lazima nikae na yeye mpaka anijue, ndio nimuage.

— Hata ikifika saa nne, Levi akasema. Tutakungoja.