Aliyesafisha Mpaka: Maisha ya Marehemu Athanasi Twagirayezu, 1934–1996

Mzee Athanasi Twagirayezu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1934 huko Kibungo, Rwanda, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nsabimana. Shule aliijua kwa miaka miwili tu, ile ya katekisimu. Alijifunza kusoma sala na kuandika jina lake kwa herufi kubwa, na herufi hizo alizitumia mpaka mwisho bila kuzipunguza.

Mwaka 1961 alivuka kuja Karagwe na mama yake, akiwa na panga moja na gunia la nguo. Katika kijiji cha Nyabiyonza alipokewa na Mzee Byarugaba, aliyemkatia pembe ya shamba lake ajenge. Byarugaba alikuwa na wana wawili, Rwezaura na Rwegasira, nao walimsaidia Athanasi kusimamisha nguzo za nyumba. Fadhila hiyo marehemu hakuisahau. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yalimuuma kuliko yalivyowauma wenye shamba.

Tarehe 11 Julai 1964 alifunga ndoa na Laurensia Mukandekezi. Binti yao wa kwanza aliitwa Kokugonza, jina alilopewa na mke wa Byarugaba. Tangu hapo jirani wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita marehemu Baba Kokugonza.

Kazi yake ilikuwa kuandaa viwanja na mashamba ya watu kabla ya masika. Februari ilipoingia, alianzia kigangoni, akaendelea nyumba kwa nyumba hadi Kihanga. Alizibua mifereji, akapunguza ua, akakata majani makavu ya migomba na kutandaza nyasi kwenye mashina ili mvua isichukue udongo. Mvua yenyewe ilipofika, wenzake walikimbilia barazani, yeye akajifunika gunia na kutoka nje kuangalia maji yanakopita. Hata kanisani, mabati yakianza kulia, alipiga ishara ya msalaba na kuondoka. Jumapili moja katekista alikatiza mahubiri akasema, "Ndugu zangu, tumsubiri Athanasi, amekwenda kuongea na mfereji." Aliporudi na matope magotini alikuta watu wote wanamtazama, akauliza kama ni zamu yake kusoma.

Familia imekubaliana kwamba jambo la mwaka 1979 lisemwe hapa, kwa sababu bila hilo Baba Kokugonza hajulikani.

Wakati huo Mzee Byarugaba alikuwa ameshafariki na wanawe wamegawana shamba. Kati ya sehemu zao ulisimama mstari wa mulamula, mti ambao Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, hupanda mpakani na hakuna anayethubutu kuugusa. Rwezaura alikuwa kwenye vita vya Uganda, pamoja na mgambo wenzake. Rwegasira alikuwa Omurushaka kwenye duka lake, akirudi nyumbani mwisho wa juma. Jumatano tarehe 14 Februari, Celestina, mke wa Rwezaura, alimwita marehemu.

"Baba Kokugonza, mvua inakaribia na jikoni kwangu maji yanaingia. Nisafishie mpaka wa Rwegasira."

Kila mmoja angesema lugha ya nyumbani kwake, yule Kinyambo na huyu Kinyarwanda, pengine wangeelewana. Lakini kwa kuheshimiana walitumia Kiswahili, ambacho wote wawili walikuwa wamekiazima. Celestina alitaka magugu yatolewe kwenye mpaka. Marehemu alisikia asafishe mpaka kwa Rwegasira, yaani asibakishe kitu hadi huko. Kwao Kibungo shamba lilizungushiwa ua wa miti ya miyenzi, na mulamula kwake ulikuwa kichaka kama vichaka vingine. Akaing'oa yote kwa sururu, akachimba mfereji mzuri ulionyooka kufuata mteremko, na ile miti akaitupa korongoni. Kule korongoni, pasipo na mpaka wowote, ikachipua kwa ukaidi.

Celestina alipotoka kuangalia kazi, alikaa chini kwenye udongo. "Umetuua, Baba Kokugonza," alisema.

Rwezaura aliporudi kutoka vitani mwishoni mwa mwaka ule, ndugu hao walibishania kipande cha ardhi kisichotosha migomba mitatu. Wazee wa kijiji walikuja, wakamsimamisha marehemu mbele ya watu.

"Wewe ndiye uliyeng'oa. Miti ilisimama wapi?"

Alitembea huku na huku. "Hapa," alisema. Kisha akasogea. "Au hapa. Mimi nilifuata maji."

Watu walicheka, naye aliomba radhi hadi wakaacha kucheka. Angeweza kuonyesha sehemu yoyote kwa sauti ya uhakika, na huenda ugomvi ungeishia pale, ila hakutaka kusema asilolijua. Wazee walipima mstari wao, na ndugu wale waliukataa wote wawili. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana.

Tangu hapo kila Februari marehemu alikwenda kuuzibua mfereji ule bila kuitwa, akatandaza nyasi pande zote mbili ili asionekane ana upande. Alikuwa akisimama katikati, jembe mkononi, akijaribu kukumbuka. Mama Laurensia alimwambia mara nyingi aache, kwamba mwenye shamba ndiye mwenye kumbukumbu. Hakuacha. Alitaka kitu kimoja tu, awaone watoto wa Byarugaba wakisalimiana kabla mmoja wao hajaondoka. Hakukipata. Rwegasira alifariki Septemba 1991, na Rwezaura alisimama mbali kwenye ua, hakutia udongo kaburini.

Mwaka 1995 Mzee Athanasi alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alilazwa hospitali kwa majuma kadhaa, akarudishwa nyumbani Februari mwaka huu. Mvua ilimkuta kitandani kwa mara ya kwanza, na kila iliponyesha aliuliza kama mfereji uko wazi.

Jumanne tarehe 5 Machi, alasiri, Mzee Rwezaura alikuja kumjulia hali. Alikaa kando ya kitanda, Mama Laurensia akiwa palepale.

"Baba Kokugonza, mti mmoja ulibaki na mzizi," alisema. "Ulichipua mwaka uleule niliporudi vitani. Niliuona kabla wazee hawajaja. Nikaung'oa."

Marehemu alimtazama. "Ulichipua upande gani?"

"Ndani ya kipande nilichodai ni changu. Ndugu yangu alikuwa anasema kweli."

"Mimi nimemwomba Mungu miaka yote anikumbushe mahali," alisema marehemu taratibu. "Kumbe wewe ulipajua." Akapumzika kidogo, kisha akaendelea, "Adelgunda, mke wa ndugu yako, yupo hai. Nenda ukamwambie. Mimi nitasubiri."

Alisubiri kweli. Jumatano aliuliza, "Rwezaura amekwenda?" Mama Laurensia akamjibu bado. Alhamisi na Ijumaa jibu lilikuwa lilelile. Jumamosi tarehe 9 Machi 1996 aliuliza tena asubuhi, na kabla ya saa sita mchana alikata roho.

Marehemu ameacha mjane, Laurensia Mukandekezi, watoto watatu, Kokugonza, Deodatha na Gaudiosus, wajukuu saba, pamoja na majirani wa Nyabiyonza ambao mashamba yao bado yana alama za jembe lake.

Mzee Rwezaura ndiye aliyeiomba familia iandike habari hii na kuisoma leo, kwa kuwa alifika mara mbili mlangoni kwa Mama Adelgunda akashindwa kubisha hodi. Mama Adelgunda yupo hapa kati yetu, na ndiyo kwanza anasikia. Baba Kokugonza alitamani kulisikia jibu hili akiwa hai, nasi tumelileta akiwa amelala.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulichelewa kumpa.