Marehemu Sleyum bin Murshid, Aliyetaka Mitaa Mitatu Iwe na Serikali Moja

Wasifu huu unasomwa na mwanawe mkubwa, Murshid, siku ya tatu ya matanga, nyumbani kwa marehemu juu ya jabali, nyuma ya Qurayyat, Omani, tarehe 14 Februari 2009.

Wa kushukuriwa ni Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa na mwenye kuchukua. Nyote mliopanda jabali hili kuja kuhani, ahsanteni. Na nyinyi mliopiga simu kwanza kuuliza kama safari hii ni kweli, ahsanteni pia. Mna haki yenu, na sababu itaelezwa mbele kwa wasioijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1934, Bububu, Unguja, mtoto wa nne wa Bwana Murshid bin Khalfan na Bi Shaikha binti Nasor. Alitoka ametanguliza miguu, na mkunga alisema mtoto huyu kaja huku anatembea. Tangu hapo hakukaa. Alikula amesimama, alisoma akizunguka. Mamake alikuwa akimfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda apate kusali kwa utulivu, na siku moja alipotoa salamu akakikuta kitanda kiko ukumbini.

Alihitimu chuo cha Qurani akiwa na miaka tisa, kisha akasoma skuli ya serikali mjini hadi mwaka 1951. Huko ndiko alikopata maradhi aliyokwenda nayo mpaka mwisho. Mwalimu wa historia aliwasomesha habari za makoloni ya Kiingereza kule Marekani. Kila koloni lilikuwa na gavana wake na baraza lake, adui yuko mpakani, na kila mmoja analinda mlango wake peke yake. Akatokea mtu na shauri: tuwe na baraza moja juu ya yote, la kujilinda tu, na mambo ya nyumbani kila mmoja abaki nayo. Makoloni yakakataa, kila moja likiogopa kumezwa. Na watu wa mfalme nao hawakulitaka, wakiogopa hawa wakiungana watavimba kichwa.

Marehemu akanyanyua mkono. "Sasa yule aliyeleta shauri alifanya nini, mwalimu?"

"Alikwenda zake nyumbani."

"Akakaa?"

Mwalimu akamtoa nje. Marehemu alikuwa akisema swali lile halijajibiwa hadi leo, na kwamba anatarajia kulijibu mwenyewe.

Aliajiriwa serikalini kupima mvua. Kila alfajiri alikwenda kuchungulia kopo na kuandika imenyesha kiasi gani. Alipoondoka Unguja mwaka 1964 alibeba sanduku moja, mke mmoja, na lile kopo. Alipitia Mombasa, akafika Maskati mwaka 1972. Alifanya kazi bandarini, na kuanzia 1985 alikuwa mtu wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha magunia pale Rusayl, mpaka alipostaafu mwaka 1994. Wenzake wanasema alipima sakafu ya stoo ile kwa miguu mara nyingi hadi saruji ikafanya njia kama ya mbuzi.

Tarehe 21 Agosti 1959 alimuoa Bi Kheiria binti Awadh wa Mkunazini. Uzuri wa Bi Kheiria siku hizo ulikuwa unasimamisha magari, na wanaobisha walete shahidi aliye hai. Bwana harusi alishindwa kukaa mkekani. Kadhi ilibidi amfuate akizunguka naye ukumbi mzima, wakaanzia mlangoni na ndoa ikafungika jikoni, mbele ya masufuria. Walijaaliwa watoto wanne, na wote wanne wanajua kukaa, alhamdulillahi.

Alipostaafu alijenga hapa juu, kwenye mwamba, pasipoota hata mwiba. Watu walicheka: "Sleyum kajenga kwa mbuzi." Chini yake iko wadi, mto mkavu usio na maji mwaka mzima, na siku ukiwa nayo hauombi ruhusa. Ukingoni mwa wadi iko mitaa mitatu. Mtaa wa Juu wanakaa waliorudi kutoka Unguja, mkubwa wao Bwana Ghanim. Mtaa wa Kati ni wa waliorudi kutoka bara, Tabora na Ujiji, mkubwa wao Bwana Muhanna. Mtaa wa Chini ni wa wale ambao hawakusafiri kwenda popote, mkubwa wao Bwana Yaarub. Wa Juu wakiwaita wa Kati watu wa porini, wa Kati wakiwaita wa Juu watu wa marashi, na wa Chini wakiwaita wote hao Wazanjibari, khalas. Kila mtaa na sabla yake ya kukutania wanaume, masufuria yake ya shughuli, na tuta lake la kuzuia maji.

Tuta ndilo lililomnyima marehemu usingizi. Machi 1997 maji yalishuka kutoka milimani. Mbuzi wa Bwana Ghanim alionekana juu ya mtende, na wako wanaosema hadi leo kwamba alipanda mwenyewe. Baada ya hapo kila mtaa ulikodi katapila. Wa Juu wakajenga tuta lililoyasukuma maji kwa wa Kati. Wa Kati wakajenga la kuyasukuma kwa wa Chini. Wa Chini, wasiokuwa na wa kumsukumia, wakajenga la kuyarudisha kwa wa Kati. Marehemu aliyaona yote haya kutoka barazani kwake, akavaa viatu.

Kwa miaka kumi hakuvivua. Alikwenda sabla zote tatu na karatasi moja, ameiandika kwa mkono wake: baraza moja, watu wawili kutoka kila mtaa, mwenyekiti mmoja mwenye amri siku ya maji, tuta moja refu kwa wote, na mlinzi mmoja huko milimani wa kupiga simu. Harusi zenu, mashekhe wenu, masufuria yenu, akasema, sikuyagusa.

"Na mwenyekiti akiwa wa Kati?" aliuliza Bwana Ghanim. "Aniamrishe mie nishike koleo?"

"Maji yatakuamrisha uogelee, Ghanim."

Bwana Muhanna alimwambia, "Sleyum, sisi tulitawaliwa huko, tukatawaliwa na huku. Sasa unataka tutawaliwe na weye?"

"Nyinyi ni makoloni matatu ya wadi hii," alisema marehemu. "Anayekutawaleni yuko kule mlimani, hajashuka tu."

Alipeleka karatasi kwenye ofisi moja mjini pia. Afisa alimpa kahawa, akamwambia kwa upole kwamba mitaa mitatu yenye baraza na mwenyekiti na amri inakaribia kuwa nchi. Kwa hiyo mitaa ilikataa kwa kuwa anainyang'anya madaraka, na ofisi ikakataa kwa kuwa anaipa. Alirudi nyumbani siku hiyo, akakumbuka swali lake la skuli, na hakukaa.

Tarehe 6 Juni 2007 kilikuja kimbunga. Redio ilisema tangu jana yake watu wahame, na mitaa yote mitatu ikasema hayo ni ya watu wa baharini. Asubuhi marehemu alikwenda kwenye kopo lake uani, akatazama, akalimwaga, akangoja kidogo, akatazama tena, akatoka mbio bila kilemba. Aligonga milango. Wa Juu walimwambia tuta lao zima. Wa Kati walimwambia nenda kawaambie wa Juu. Akaenda peke yake kupanga magunia ya mchanga pale wadi inapokunja kona, mzee wa miaka sabini na tatu, mvua inampiga ubavuni.

Mkewe alimtazama kutoka juu. Akafikiri: watu hawa hawaji kwa maji, hawaji kwa karatasi, hawaji kwa redio. Wanakujia nini? Akaingia ndani, akampigia simu mtu mmoja tu, Bi Mwanamize wa Mtaa wa Kati, ambaye habari hailali kwake.

"Mwanamize, Sleyum katutoka."

Kabla ya adhuhuri mitaa mitatu ilikuwa juu ya jabali, wanaume, wanawake na watoto, kwa magari na kwa miguu, kanzu zimelowa. Bwana Yaarub alimpandisha mamake mgongoni. Masufuria yalikuja kutoka mitaa yote, yakawekwa jikoni pamoja kwa mara ya kwanza tangu yafuliwe. Na marehemu akaingia kwa mlango wa nyuma, matope mpaka kiunoni, akasikia anasomewa Yasini.

"Nani kafa?" akamuuliza mkewe.

"Weye. Ingia stoo."

"Kheiria, huu ni uongo. Huu ni uongo mkubwa."

"Uongo ni wangu, na kafara nitafunga mie. Nimewaambia maiti haionwi mpaka mvua ikatike. Ukitokeza sasa watakasirika, watarudi kwao. Kaa."

Na akakaa. Kwa muda wa saa tatu na nusu, juu ya gunia, gizani, Sleyum bin Murshid alikaa. Alimsikia Bwana Muhanna akilia, tena si kilio cha adabu, kilio cha mtu. Alimsikia Bwana Ghanim akisema, "Yule alikuwa na akili kutushinda sote, na hili lisitoke humu." Miguu ilikuwa ikimtetemeka kama ya punda aliyefungwa, na hakuinuka, kwa sababu nyumba mia na thelathini zilikuwa tupu na ilibidi zibaki hivyo.

Baada ya alasiri wadi ilishuka. Sauti ilitangulia. Wadi ilichukua tuta la Juu, la Kati na la Chini, kila moja kwa zamu yake, na hapo ndipo yalipoungana. Ilichukua sabla zote tatu. Haikuchukua mtu hata mmoja.

Marehemu akafungua mlango wa stoo. Bwana Ghanim alizimia. Bwana Muhanna akasema, "Sleyum, huna adabu hata ya kufa."

Bi Kheiria alifunga siku zake tatu, na anasema ndiyo saumu iliyomwendea vyema kuliko zote. Watu walinuna miezi mitatu. Halafu Bwana Ghanim akatia saini karatasi, na Bwana Yaarub baada yake. Bwana Muhanna alikataa. "Nililia mbele za watu," alisema. "Kwanza nirudishiwe machozi yangu." Marehemu alimwendea kila wiki, mwaka mzima na zaidi, na kila wiki alirudi na karatasi yenye saini mbili.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2008. Hospitali walimkataza kutembea, akawa anatembeza kidole kwenye shuka, akichora wadi, kona, na pale tuta linapotakiwa kuanzia. Alifariki tarehe 11 Februari 2009, baada ya sala ya alfajiri, umri wake miaka sabini na minne. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa, "Kati bado."

Siku hiyo Bwana Muhanna alikuja wa kwanza. Hakutoa mkono kwa mtu. Aliingia chumbani, akafunua uso, akangoja muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa. Akashika mguu wa marehemu, ule wa kulia. Akaona hautikisiki. Alitoka macho mekundu, akasema, "Safari hii amekaa."

Marehemu ameacha mjane, Bi Kheiria. Watoto wanne, Murshid, Manal, Kawthar na Awadh. Wajukuu kumi na mmoja. Kopo moja la kupimia mvua, ambalo asubuhi ya leo lilikuwa na maji kiasi cha vidole viwili. Na karatasi moja.

Karatasi hiyo iko kwenye sinia la halua lililo mbele ya Bwana Muhanna, na kalamu iko pembeni yake. Msomaji akifika hapa anyamaze kidogo. Mjane, aliye edani, ameagiza mlango wa ukumbi huu ufungwe kwa nje, kwa ajili ya upepo. Kahawa iko ya kutosha mpaka magharibi.

Mwenyezi Mungu amsamehe, ampanulie kaburi lake, na amtulize huko alikokwenda. Sisi hapa tulishindwa.