Vidato Tisa vya Mhandisi Wasfi

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya usanifu hapa Amman, Mhandisi Wasfi Madanat, Abu Rakan wetu, anastaafu tarehe 31 Machi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Suhad Nimri, kazi ya kumwandikia wasifu, na imesisitiza nisisahau kile kichekesho cha vidato tisa. Nimeandika mara nne, nimechana mara nne. Kichwa kinanizunguka, sijui hata pa kuanzia.

Alikuja kazini na penseli mbili na koti la kaka yake. Amechora shule, zahanati na kiwanda cha sabuni. Chai yake ni vijiko vinne vya sukari, na miwani huitafuta ofisi nzima ilhali iko kwenye paji la uso wake.

Haya, kichekesho. Mwaka 2003 tulipewa kiwanja chembamba mtaa wa Luweibdeh: barabara juu, barabara chini, na ngazi za umma ubavuni. Mteja, Wakili Mutasim, alitaka jengo dogo la ofisi, watu waingilie barabara ya juu na magari ya chini. Mteremko unavuruga akili, jamani. Fundi akisema "shusha kidogo", unajiuliza kutoka wapi. Kwa hiyo vipimo vyote vilianzia kwenye alama moja nyekundu, ambayo ilipaswa kupakwa ukingoni mwa barabara ya chini. Ikapakwa kwenye ngazi za umma, mita moja na nusu juu zaidi.

Hakuna aliyegundua mpaka zege la mwisho limemwagwa na mansafu ya mafundi, ule wali wa nyama ya kondoo wa kumaliza kazi, imeshaliwa. Wakili akaja na viatu vyake vinang'aa, akakuta kizingiti cha mlango wake kiko usawa wa kidevu.

"Nimeagiza ofisi au mnara wa msikiti?" akafoka. "Aliyepaka alama hii afukuzwe leo leo!"

Mhandisi Wasfi akasogea mbele. "Alama ni yangu, Wakili. Nitukane mimi."

Akatukanwa kweli. Kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji, akachora vidato tisa vipana vya mawe kutoka barabarani hadi mlangoni. Leo mawakili wanavikalia wakinywa kahawa, na akina mama wanaopanda kutoka sokoni wanatua mizigo yao hapo.

Lakini mwaka ule ukuu wa idara, ambao sote tulijua ni wake, alipewa mtu mwingine. Na kila sherehe tunamuuliza, "Abu Rakan, leo uko juu au chini?" Tunacheka, naye anacheka.

Mimi sijawahi kucheka vizuri. Alama ile niliipaka mimi. Nilikuwa na miezi miwili kazini, nikachanganya ukingo na ngazi. Nilipomfuata kuungama aliniambia, "Suhad, nyamaza, chai inapoa." Nikanyamaza miaka kumi na tisa. Kwa nini ulinibebea lawama, Abu Rakan? Mpaka leo sielewi, na naona aibu.

Asante kwa kila mstari uliouchora. Tunakutakia afya, wajukuu, na asubuhi zisizo na simu za mafundi. Na leo wakianza kukutania, ninyooshee kidole tu. Nimekaa safu ya mbele.