Mlangoni Wapo Sita

Benchi la Nusu Soli lina miguu mitatu na tofali moja. Liko kwenye kona, mbele ya kibanda chake cha kushona viatu, na wazoefu wote wanajua kukaa mbali na tofali. Kwa hiyo asubuhi ile Penseli alipokuja akajibwaga palepale penye tofali, benchi likayumba naye asishtuke, wenzake wakajua mtu ana lake. Huyu Penseli maisha yake yote amechora mabango ya vinyozi na saluni. Mwaka huu ndipo alipopata, kwa mara ya kwanza, kuchora kitabu cha watoto, na kijiwe kizima kilikuwa kimechoka na majigambo yake. Siku hiyo hakujigamba. Alikuwa na nakala ya majaribio mapajani, simu mkononi, na jasho ambalo jua halikuhusika nalo.

— Kahawa, Penseli? aliuliza Mama Birika, ambaye huuza kahawa hapo pembeni na kusikia kila kitu.

— Mashine inawashwa saa sita.

— Nimekuuliza kahawa.

— Wanasubiri niseme ndiyo. Nikisema ndiyo, vinachapwa vitabu elfu tatu. Na mtoto mmoja hayupo.

Nusu Soli akatoa msumari mdomoni.

— Hayupo wapi?

— Kitabuni!

Ikabidi aeleze. Hadithi imeandikwa na mwalimu mmoja mstaafu, mama mtu mzima. Watoto saba wa tumbo moja wanapotea sokoni, wanahangaika kurasa ishirini, na ukurasa wa mwisho wamerudi nyumbani. Mama yao anasimama mlangoni anawahesabu mmoja mmoja mpaka saba, ndipo roho yake inatulia. Maneno yako sawasawa. Ila kwenye picha, mlangoni wapo sita. Aliyegundua ni mke wa Penseli, asubuhi hiyo, akimenya vitunguu, wala hata hakuwa anasoma.

— Sasa kelele za nini? alisema Nusu Soli. Ongeza mmoja. Kitoto tu, unashindwa?

— Picha zimeshaingia kiwandani, bwana. Yule jamaa wa kule anasema neno moja mawili anaweza kubadili kwa simu. Picha, ni kurudi nyuma wiki tatu. Na shule zinafunguliwa Jumatatu, Mwalimu ameshawaahidi wanafunzi.

— Mwalimu mwenyewe anajua?

Penseli akatikisa kichwa. Hajui. Alikuwa akimwogopa Mwalimu, si kwa ukali, bali kwa upole wake. Mwanamke yule ndiye aliyesimama siku moja mbele ya ukuta wa kinyozi, akauliza nani kachora hivi vichwa, akamkabidhi hadithi aliyoihangaikia miaka minne. Angeanza vipi kumwambia? Na aliwaogopa watoto zaidi. Mtu mzima hupitisha macho tu, lakini mtoto huweka kidole juu ya picha akahesabu, akifika sita anasimama, anakuangalia usoni.

— Tulieni, alisema Wakili. Huyu alikuwa karani wa mahakama. Hajawahi kumtetea hata kuku, lakini jina limemkaa. Hili suala, aliendelea, ni la kisheria. Maneno yanasema saba. Picha haijakana. Picha imenyamaza tu! Kwa hiyo mtoto yupo, ila yuko nyuma ya gauni la mama.

— Gauni nimelichora linabana, Wakili.

— Mtoto mwembamba.

— Mwembamba kiasi gani, kama uzi?

— Ametangulia ndani, alisema Mama Birika. Kapotea siku nzima, ana njaa. Mimi ningetangulia.

— Mlango umefungwa.

— Aah, nawe! Unawafungia watoto mlango kwa nini?

— Kitasa kilitoka vizuri, alisema Penseli kwa sauti ndogo, na walicheka mpaka benchi likagonga ukuta. Yeye hakucheka. Saa nne na nusu ilikuwa imeshapita.

Nusu Soli akaweka kiatu chini. Mtu akiweka kazi chini hapo kijiweni, jueni linakuja jambo.

— Fanya mashindano. Waandikie pale chini: mtafute mtoto wa saba. Watoto wote watapekua kitabu, ukurasa hadi ukurasa. Atakayempata anapewa zawadi.

— Na atampata wapi, wakati hayupo?

— Ndiyo uzuri wake. Zawadi haitoki!

— Wewe una roho mbaya, alisema Mama Birika. Wangu wa mwisho ukimwambia kuna mwenzake kabaki sokoni peke yake, halali wiki nzima. Utakuja kumbembeleza wewe na nyundo yako?

— Basi hakubaki sokoni. Yeye ndiye aliyeshika kamera.

— Hapana, alisema Wakili, akasimama kabisa, kikombe mkononi. Hapana. Nimepata. Mwambie yule jamaa wa kiwandani aongeze mstari mmoja mwishoni. "Na wa saba ni wewe unayesoma."

Hata Mama Birika aliacha birika.

— Haki ya Mungu, alisema Nusu Soli.

— Mnaona? alisema Wakili. Kosa limegeuka hekima. Watu watatoka mbali kuja kumuuliza, bwana Penseli, ulifikiriaje jambo kubwa hivi? Naye atakaa, amevaa koti, atasema, nilifikiri sana. Watampa tuzo. Watamwita hotelini. Penseli, ukiitwa usiende peke yako, unahitaji wakili.

Penseli akajikuta anatabasamu, mara ya kwanza tangu vitunguu vya asubuhi. Maneno sita tu. Jamaa wa kiwandani angeyaweka kwa dakika tano, Jumatatu ingefika, na Mwalimu angedhani ni ufundi. Tamaa ikamshika. Akaanza kutafuta namba.

Katikati ya yote hayo kulikuwa na mwanamke amekuja na kandambili ya mtoto iliyokatika mkanda. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amesimama akisubiri Nusu Soli akumbuke kazi yake, na kitabu kilikuwa wazi mapajani mwa Penseli, akainama akakitazama.

— Samahani, kaka. Ni yupi ambaye hayupo?

— Wa saba, alijibu Wakili.

— Ndiyo, ila wa saba ni nani? Hawana majina?

— Wanayo, alisema Penseli, na akayataja haraka maana aliyajua. Kicheko, Deko, Mdadisi, Mwoga, Mbishi, Kisirani na Kimya. Mwalimu kampa kila mmoja vituko vyake.

— Basi ni Kimya, alisema Nusu Soli. Ndiyo maana hakulalamika!

Yule mwanamke alicheka kidogo, kwa adabu.

— Haya, na Mwoga ni huyu au huyu?

Wote wakainama. Watoto sita walisimama mlangoni na wote sita walikuwa wanacheka. Mashavu yaleyale, masikio yaleyale. Penseli alirudi ukurasa wa nne, akaenda wa tisa, wa kumi na tano. Alikuwa amechora mtoto mmoja vizuri, akambandika kwenye kioo cha dirisha, akamnakili tena na tena, na shati akalipaka rangi yoyote iliyokuwa wazi siku hiyo. Wa shati jekundu hapa alikuwa wa kijani pale. Alimtafuta Kisirani, akamtafuta Deko. Asubuhi nzima alimlilia mtoto mmoja, kumbe hakuna hata mmoja kati ya saba aliyekuwa amemchora.

Wakili akarudi kukaa.

Simu ikaita mkononi mwa Penseli. Ilikuwa kiwandani.

— Vipi mkuu, mafundi wameshafika. Tuwashe?

— Msiwashe.

— Kuna neno la kubadili?

— Msiwashe, ndugu yangu. Nitakupigia.

Akakata. Kisha, kabla woga haujamrudisha nyuma, akampigia Mwalimu. Iliita mara mbili tu.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba, mwanangu! Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake redio. Haya niambie, watoto wangu wameshaingia mashineni?

— Mwalimu, mlangoni mmoja hayupo. Na nimeulizwa ni yupi, sijui.